Sabuni Iliyokuja Kukuchukua

Shule ya Shamba, juu ya Molo
Jumapili, baada ya chai ya jioni

Truphena mama,

Ya sweta, ya kuchemsha maji ya kunywa, na ya vijana wa mjini wanaojua kusifu, mama yako amekwisha kukuambia. Nimemsikia kupitia ukuta akirudia kama wimbo wa kanisani. Mimi sitaongeza. Ukisahau sweta, baridi yenyewe itakukumbusha.

Ninaandika kwa sababu tangu Alhamisi sijakusemesha vizuri, na kesho asubuhi gari la kampuni ya sabuni litakungoja pale njia panda. Ulipotuambia mezani kwamba huendi tena chuo cha ualimu, kwamba umekubali kazi ya kusimama juu ya gari la sinema na kutangaza sabuni kwa kipaza sauti, Molo mpaka Nakuru mpaka Gilgil na kwingineko, mimi niliinuka nikaenda kumwangalia ng'ombe. Ng'ombe hakuwa na shida yoyote. Tangu siku hiyo mama yako ananiambia kimya changu kimejaa nyumbani kama moshi wa kuni mbichi, na kwamba niseme neno hata kama ni baya. Unanijua. Mdomo wangu ni wa darasani tu, ya nyumbani huyasema kwa kalamu.

Kwanza ujue kwamba sikukukasirikia wewe. Nilijikasirikia mimi mwenyewe. Waswahili husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi nilikulea kwa makaratasi ya sabuni.

Ngoja nikueleze ilivyoanza, maana wakati huo ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Nilipoletwa kufundisha hapa, shule ilikuwa banda moja la mabati, na watoto walikuwa wa vibarua wa pareto, wametoka kila kabila, wakiunganishwa na Kiswahili cha kuokotaokota. Kitabu tulichopewa kilikuwa cha watu wa pwani. Ndani kulikuwa na minazi, ngalawa na pweza. Haya, watoto wa Molo, ambao asubuhi wanavunja barafu kwenye ndoo ndipo wanawe uso, wakikariri kwa sauti moja habari za pweza! Walizijua kwa moyo. Siku moja nikauliza, pweza ni nini? Mmoja akainua mkono akasema ni jina la mzungu wa shamba la ng'ambo.

Nilimchapa. Hilo ndilo kosa la kwanza ninalokuandikia, kumchapa mtoto kwa sababu mimi nimemfundisha kitu asichoweza kukiona. Siku zile nilidhani fimbo ni sehemu ya kitabu.

Mtoto mwenyewe alikuwa Kibet, yule ambaye siku hizi anaendesha trekta hapo chini. Nilikuwa nimeshamwandika moyoni kwamba hatasoma kamwe. Jumamosi moja nikaenda dukani na chupa yangu kununua mafuta ya taa, nikamkuta amesimama na nyanya yake, ameshika kipande cha sabuni, anamsomea maandishi ya karatasini. Polepole, silabi kwa silabi, kidole kikisindikiza. Alipofika mwisho akamwambia, "Kogo, wanasema usiitie machoni." Bibi akaitikia kama mtu aliyepewa habari ya maana, na kweli ilikuwa ya maana. Mimi nikasimama pale na chupa yangu kama mjinga. Kumbe kusoma alikuwa anaweza! Pweza tu ndiye aliyemshinda.

Jumatatu nikawaambia watoto walete kila karatasi yenye maandishi iliyopatikana nyumbani. Wakaleta za sabuni, za majani ya chai, za blanketi, za dawa ya minyoo ya ng'ombe. Tukazibandika ukutani kwa uji wa unga mpaka panya wakaanza kuzila. Ndipo watu wakaanza kusoma. Tulisoma bei, tulisoma uzito, tulisoma sifa. Supavaiza wa shule alipokuja na pikipiki yake akasimama mlangoni, akatazama ukuta wote, akauliza, "Mwalimu, hii ni shule au ni duka?" Nikamjibu, "Bwana, dukani ndiko wanakosoma." Nilikuwa kijana, nilikuwa na kiburi. Aliandika kitu na hakuniambia ni nini, lakini shule haikufungwa.

Baada ya hapo hakuna cha kisasa kilichoniponyoka. Zile nywele za kupasuliwa njia, unazikumbuka? Vijana wote wa Nakuru walikuwa nazo, na wa huku wakaiga. Nikaona hapa pana hesabu. Njia ikipita katikati ya kichwa, kila upande ni nusu. Ikipita kando, huku ni robo na kule ni robo tatu. Siku hiyohiyo walielewa jambo nililokuwa nimelipigania muhula mzima kwa machungwa ya kitabuni. Shida ni kwamba wiki iliyofuata wavulana walikuja na vichwa vilivyogawanywa kwa wembe butu, njia juu ya njia, mmoja amekuwa kama shamba la viazi lililopimwa vibaya. Mama yake akamleta amemshika sikio. "Mwalimu, haya ndiyo niliyolipia karo?" Wewe ulicheka mpaka ukatolewa nje.

Na ule wimbo wa gitaa, ambao santuri yake ilipigwa mbele ya duka mpaka mwenye duka akaichoka. Niliutumia kufundisha imla, ukafanya kazi vizuri ajabu. Basi nikaona nimepata dawa. Mwaka uliofuata nikautumia tena, na uliofuata tena, mimi naimba pale mbele, watoto wananitazama tu. Wewe ndiye uliyeniambia tukirudi nyumbani, "Baba, ule wimbo sasa unaimbwa na watu wenye ndevu." Lo, niliumia! Nilikuwa nimejiona mwalimu wa kisasa. Lakini ulikuwa umesema kweli. Cha kisasa huchacha upesi kuliko maziwa, na anayejua kama kimechacha ni mtoto. Mwalimu anapaswa kuuliza, wala asijifanye anajua. Hilo nimelishika, na ndiyo maana mwisho wa kila wiki huwa nawauliza watoto siku hizi mnaimba nini, hata kama majibu yananitia haya.

Sasa niseme lile ambalo mimi na wewe hatujawahi kulisema, ingawa ulikuwa umeketi palepale.

Ulikuwa darasa la nne. Nilikuwa nimechoka kusoma matangazo ya wengine, nikawaambia kila mmoja aandike tangazo la kitu kinachotengenezwa kwao. Lako lilikuwa la kuku wa mama yako, na ulidanganya habari za mayai, ulisema yote yana viini viwili. Mwingine akaandika ya vikapu, mwingine ya baba yake anayeshona viatu. Salome, mwenzako wa dawati, akaandika ya mama yake. Ninalikumbuka neno kwa neno: "Kazi ya pareto inakunja mgongo. Busaa ya Mama Salome inaunyoosha. Laini ya pili, mlango wa bluu. Njoo na kikombe chako." Chini akachora kikombe, povu limefurika mpaka nje ya karatasi.

Nilicheka mpaka nikakaa kitini. Haki ya Mungu, nilikuwa sijaona kazi ya mwanafunzi nzuri kama ile. Fupi, kila neno lina kazi, na mtu akishaisoma anajua aende wapi na abebe nini. Nikaibandika juu kabisa, juu ya sabuni na juu ya majani ya chai. Pombe ilikuwa marufuku katika laini, zile safu za nyumba za vibarua, kila mtu alijua hivyo. Na kila mtu alijua pia mlango wa bluu uko wapi, hata nyapara. Ndiyo maana haikunijia akilini kabisa. Mambo yanayojulikana na wote huwa tunasahau kwamba ni siri.

Mwenye shamba, yule tuliyemwita Bwana Miwani, akaja siku ya pili yake kutazama paa linalovuja. Alitazama paa. Halafu macho yakashuka ukutani. Alikuwa anajua Kiswahili cha kuamuru, cha kusoma kilikuwa kinamlemea, kwa hiyo alisoma polepole kama Kibet, kidole kikipita chini ya maneno. Akageuka. "Nani huyu Mama Salome?"

Darasa zima likasimama. "Ni mama yake huyu, Bwana! Laini ya pili!" Walimwonyesha Salome kwa vidole, na Salome mwenyewe akainua mkono, amejaa tabasamu. Nawe ulikuwa unampiga mgongoni kwa furaha. Walidhani tangazo limefanya kazi. Walidhani limemletea mama yake mteja.

Mengine unayajua. Askari wakamwaga mapipa, na kabla juma halijaisha mama yule akaambiwa ahame na watoto wake. Nilikwenda kwa Bwana Miwani, nikasimama kwenye veranda na kofia mkononi, nikamwambia, "Bwana, yalikuwa mafundisho tu." Akanijibu bila hasira, "Mafundisho mazuri sana, mwalimu. Hata mimi nimeelewa yote." Nikarudi.

Waliondoka na lori la viazi lililokuwa likienda Gilgil, watoto wameketi juu ya magunia. Nilikwenda kuwaaga. Nilitazamia kutukanwa, na nilitaka nitukanwe. Mama Salome akafunga kamba ya mwisho, akaniuliza, "Mwalimu, mtoto wangu aliandika vizuri?" Nikamwambia aliwashinda wote. "Basi," akasema, akapanda. Salome hakunitazama. Nimeuliza Gilgil, nimeuliza madereva, nimeuliza watu wa kanisani, sijapata habari zao. Inaniuma mpaka leo, na ni haki iniume.

Watu wengine wangeng'oa makaratasi yote siku hiyo. Niliyang'oa, kisha baada ya muda nikayarudisha, maana watoto walikuwa wamerudi kwa pweza na mimi nimerudi kwa fimbo. Lakini nilianza kuongeza swali moja ambalo supavaiza hana kwenye karatasi zake. Kila tangazo tukilisoma nilikuwa nauliza, nani mwingine analisikia? Nilipombandikia Salome karatasi yake niliwaza wale wanaotaka kunywa. Sikumwaza anayetaka kumwaga. Maneno ukishayapandisha juu, hayachagui sikio.

Haya, na hilo gari. Lilipokuja kiangazi hiki likapiga kambi kwenye kiwanja cha mpira, nililileta darasa langu zima nikijisifu, eti tunakwenda kujifunza. Yule kijana wa kutangaza alikuwa amekaukiwa na sauti, vumbi limemwingia, akauliza kwa utani ni nani anaweza kumsaidia. Ukapanda. Mimi nilidhani utaona haya. Wacha wewe! Ulianza kwa Kiswahili, ukaenda lugha ya kwa mama yako, ukaja lugha ya kwetu, ukawachekesha wazee kwa habari ya kola za shati, ukawaita wamama kwa majina ya watoto wao. Watu walisukumana kununua. Mkubwa wa kampuni akauliza jina lako, na nani aliyemwandikia herufi kwa herufi ili asikosee? Ni mimi. Nilipiga makofi kuliko mtu yeyote kiwanjani. Kwa hiyo Alhamisi nilipokwenda kwa ng'ombe, nilikuwa namkimbia yule mtu aliyepiga makofi.

Nilikuwa nimejenga picha yangu. Wewe darasani, una chaki mkononi, cheti kimetundikwa, watu wananiambia Mwalimu umemzaa mwalimu. Ni picha ya kujipendelea, nakubali. Lakini si hiyo tu. Ninaogopa. Ninaogopa kwa sababu najua unavyoaminiwa. Mwanamke aliyechuma pareto tangu alfajiri hamwamini yule kijana mwenye shati la nailoni. Wewe atakuamini, kwa sababu umemwita kwa jina la mtoto wake. Mikono ile haitalainika kwa sabuni yoyote iliyo dukani, Truphena. Usimwambie italainika. Mwambie inatoa uchafu, na inatoa uchafu kweli, nimeitumia.

Alhamisi uliniambia, "Baba, na hilo ni darasa, tofauti ni kwamba lina magurudumu." Sikuwa na jibu, na hicho ndicho kilichonitia hasira zaidi, maana lilikuwa neno ambalo ningelisema mimi nikiwa na umri wako. Nimelitafuta jibu siku zote hizi, hata nikikamua. Nimelipata leo kanisani, mchungaji anisamehe. Darasani mtoto akiuliza, nalazimika kumjibu, hata kama jibu ni sijui. Kwenye gari mtu akiuliza, mtaongeza santuri. Nimeliona kiwanjani kwa macho yangu. Yule mzee wa laini ya kwanza aliuliza kwa nini kipande cha mwaka huu ni chembamba kuliko cha mwaka jana, na gitaa likapanda likamfunika. Wewe hukumwona, ulikuwa umeelekea upande wa pili. Mimi nilimwona akishusha mkono.

Basi ukiona mkono, waambie wapunguze huo muziki. Watakukasirikia. Pengine watakurudisha nyumbani. Ukirudishwa kwa sababu hiyo, njoo ukiwa umeinua kichwa, na kitanda chako nitakuwa nimekilinda dhidi ya kuku wa mama yako.

Jambo moja zaidi, nalo ni gumu kuandika. Leo nimeandikia chuo kwamba huendi, nafasi yako wampe mwingine. Usidhani ni kwa hasira. Mama yako aliniomba ningoje, pengine utachoka barabarani baada ya muda mfupi. Nilitaka sana kungoja. Lakini yuko msichana mahali fulani, sijui jina lake, anafagia nyumba ya mtu na hajui kwamba jina lake ndilo linalofuata, na kiti hakiwezi kukaa wazi ili mimi nijifariji. Kwa hiyo sasa huko nyuma hakuna mlango wa chuo, uko wa nyumbani tu. Nimeona afadhali ulijue hili kabla hujapanda gari.

Ukiniuliza kama nimekubali, sijakubali. Pengine nitakubali nikikusikia, pengine sitakubali kamwe, na utafanya kazi yako vilevile. Mama yako amekwisha kumwambia jirani aje na mkokoteni kukupelekea sanduku. Nimemwambia asije. Nitalibeba mimi, begani, mchana kweupe, kupitia laini zote mbili mpaka njia panda. Watasema baba gani huyu anambebea binti mzigo. Waseme. Na wakiniuliza, kwa sababu wataniuliza, Mwalimu, mtoto anakwenda wapi, usinijibie. Nitawaambia mwenyewe kwamba anakwenda kazini.

Baba yako